Kuchuja logi kwa tagi: Android Studio, adb, grep, au ndani ya programu yenyewe?

Chukua programu ya kupimia karafuu. Karani wa kituo kule Wete, Pemba, anaweka gunia kwenye mizani yenye Bluetooth, anabonyeza "Pima", uzito unaingia kwenye simu, risiti inatoka, na mtandao ukipatikana rekodi zinapelekwa kwenye seva iliyopo Mjini, Unguja. Ghafla uzito unaanza kuja sifuri. Msanidi anachomeka simu kwenye kompyuta, anafungua logi, yaani maandishi ambayo simu hujiandikia kuhusu kila kinachotokea ndani yake, na anachokutana nacho ni Android nzima ikisema kwa pamoja: betri, Wi-Fi, sensa, kibodi, programu za watu wengine. Mistari ya programu yake imo humo humo, ila inapita kabla jicho halijaiwahi.

Kila mstari wa logi umebeba tagi, neno fupi linalotaja sehemu iliyouandika, na tagi ndiyo njia nyepesi ya kuutenga. Mstari mmoja huwa hivi:

06-14 10:22:31.418  4821  4867 D Mizani  : uzito=0.0 hali=IMEUNGANISHWA

Tarehe, saa, namba ya mchakato, namba ya uzi (thread), kiwango, tagi, kisha ujumbe. Viwango vinapanda hivi: V (Verbose), D (Debug), I (Info), W (Warning), E (Error), F (Fatal). S ni kunyamazisha kabisa. Ziangalie zile nafasi mbili baada ya neno Mizani, zitatusumbua mbele.

Njia za kuchuja ziko nne zinazotumika sana, na watu hubishana ipi bora bila ya kuulizana simu iko wapi na nani atakayesoma. Hapa tunazipima kwa maswali haya: inahitaji nini kuandaliwa; inaikamata tagi kwa usahihi gani; inaficha nini; na programu ikifa na kuanza tena, kichujio kinabaki? Swali la tatu ndilo zito. Kichujio kibaya hakikupi kosa, kinakupa ukimya, na ukimya unafanana sana na programu isiyo na tatizo.

Kwanza tagi yenyewe

Hakuna kichujio kinachookoa tagi iliyopewa jina vibaya. Usiweke nafasi, mkato wala nukta mbili ndani ya tagi, kwa sababu adb, zana ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta, hutumia alama hizo kutenganisha vichujio. Tagi "Mizani Kuu" itasomwa kama tagi mbili. Isizidi herufi 23 ikiwa bado unahudumia simu za Android 7.1 kurudi nyuma: huko Log.isLoggable hurusha kosa tagi ikizidi hapo. "KarafuuUsawazishajiWorker" ina herufi 25, na simu kongwe za aina hiyo bado zimo mikononi mwa watu.

Jengine ni tagi inayochukuliwa kutoka jina la klasi. Kwenye toleo la majaribio inafanya kazi vizuri. R8, zana inayopunguza msimbo na kufupisha majina yake, ikishalibana toleo la kutolewa, klasi ya Mizani inaweza kuitwa "a", na wewe unaendelea kuchuja Mizani ambayo haipo tena. Iandike tagi kwa mkono:

private const val TAG = "Mizani"

Katika mfano wetu zipo tagi nne: Mizani, MizaniBle, Risiti na Upelekaji. Jina la pakeji ni tz.mfano.karafuu.

1. Dirisha la Logcat ndani ya Android Studio

Kuandaa. Kama Studio tayari imo kwenye kompyuta, hakuna cha kuandaa. Kama haimo, mzigo ni mkubwa: Google wenyewe wanataka angalau GB 8 za RAM, na ukiongeza simu ya kuigiza wanataka 16. Kwenye laptopu ya GB 4 iliyopita mikono mitatu, kufungua Studio kwa ajili ya kusoma logi tu ni kujitesa.

Usahihi. Hapa Studio inazipita njia zote nyengine. Dirisha jipya lililokuja na toleo la Dolphin mwaka 2022 lina kisanduku kimoja cha kuandikia swali, na lina namna tatu za kutaja tagi:

tag:Mizani
tag=:Mizani
tag~:^Mizani

Ya kwanza inakamata tagi yoyote yenye neno hilo ndani yake, kwa hiyo MizaniBle nayo inaingia. Ya pili inataka tagi iwe hiyo hiyo tu. Ya tatu inapokea rejeksi (regex), yaani ruwaza ya maandishi; hapa, tagi inayoanza na Mizani. Ukitanguliza alama ya kutoa, kwa mfano -tag:MizaniBle, unaiondoa tagi hiyo na kubakisha nyengine.

Namna Studio inavyounganisha maneno inawachanganya wengi. Ukiandika package:mine tag:Mizani tag:Risiti, haitafuti mstari wenye tagi mbili. Vigezo vya aina moja inaviunganisha kwa "au", vya aina tofauti kwa "na". Maana yake: mistari ya programu yangu, ambayo tagi yake ni Mizani au Risiti. Ukitaka kupanga mwenyewe, tumia mabano pamoja na alama za & na |.

Inaficha nini. Programu ikianguka kwa kosa lisilodakwa, mlolongo wa kosa hauandikwi kwa tagi yako. Unaandikwa kwa tagi AndroidRuntime, ukianza na FATAL EXCEPTION. Aliyechuja tag:Mizani peke yake ataona logi inakatika tu, atadhani mizani imezimika. Swali la kuliacha limebonyezwa nyota kwenye dirisha, ili lipatikane kila siku, ni hili:

package:mine (tag:Mizani | is:crash)

Studio pia ina bafa yake, yaani hifadhi ya muda, yenye kikomo. Ukiiacha wazi kutwa nzima, mistari ya asubuhi inafutika. Kikomo kinaongezwa kwenye mipangilio, sehemu ya Tools kisha Logcat.

Programu ikianza tena. Package:mine inaifuata programu hata namba ya mchakato ikibadilika, na inakuwekea mstari wa kuonesha mchakato ulipokwisha na ulipoanza.

Inamfaa anayeandika msimbo na kusoma logi kwa wakati mmoja, simu ikiwa mezani pake. Inamfaa pia mwanafunzi, kwa sababu ukibonyeza Ctrl na Space inakupendekezea vigezo. Kujifunza kwa kukosea hapa hakugharimu chochote.

2. adb logcat kwa kichujio chake mwenyewe

Kuandaa. Unahitaji platform-tools peke yake, zipu ndogo yenye adb ndani unayoweza kuishusha kwa kifurushi cha kawaida cha intaneti, na simu iliyowashwa utatuzi wa USB. Amri ya msingi:

adb logcat -s Mizani Risiti AndroidRuntime:E

Hiyo -s inanyamazisha kila kitu isipokuwa ulivyovitaja. Tagi isiyo na kiwango inahesabiwa kuwa ni V, yaani kila kitu chake. Kwa urefu unaweza kuandika:

adb logcat Mizani:D Risiti:W AndroidRuntime:E '*:S'

Zile nukuu kwenye '*:S' si pambo. Zsh, programu ya kupokea amri ambayo ndiyo ya kawaida kwenye Mac, ikiiona nyota bila nukuu huitafutia jina la faili, haipati, na inakurudishia "no matches found". Na ukiisahau '*:S' yenyewe, kichujio hakichuji: tagi ulizozitaja zinapata kiwango chake, lakini nyengine zote zinaendelea kumiminika.

Simu mbili zikichomekwa pamoja, kuna -s mbili zenye maana mbili. Iliyo kabla ya neno logcat inachagua simu. Iliyo baada yake inachagua tagi:

adb -s NAMBA_YA_SIMU logcat -s Mizani

Namba unaipata kwa adb devices. Ukizichanganya, adb itaandika "- waiting for device -" na kukaa ikiingoja simu inayoitwa Mizani.

Usahihi. Ni herufi kwa herufi, kubwa na ndogo zikihesabiwa. "mizani" si "Mizani". Nyota inafanya kazi ikiwa peke yake tu. Mizani*:D haikamati MizaniBle. Kwa mradi wenye tagi tano hili ni jambo jema, hakuna mgeni anayejipenyeza. Kwa mradi wenye tagi arubaini, kuzitaja moja moja ni adhabu. Hapo weka orodha yako kwenye kigeu cha mazingira cha kompyuta kiitwacho ANDROID_LOG_TAGS, lakini kumbuka kuwa ukiingia kwa adb shell kisha ukaita logcat humo, orodha hiyo haikufuati.

Inaficha nini. Mbali ya AndroidRuntime, ambayo lazima uitaje, kuna makosa yanayoandikwa na mfumo na si na programu yako. Msimbo asilia (wa C au C++) ukianguka, tagi ni DEBUG kwa kiwango cha F. Skrini ikiganda mpaka Android ikauliza kama uifunge, tagi ni ActivityManager, na maneno ni "ANR in" (ANR ni Application Not Responding, programu isiyoitikia) yakifuatiwa na jina la pakeji. Simu yenye RAM ndogo ikiiua programu yako kupisha nyengine, habari hiyo nayo mara nyingi iko kwa ActivityManager. Kwa simu za bei nafuu wanazozitumia makarani, orodha inayotosha ni hii:

adb logcat -s Mizani MizaniBle AndroidRuntime:E DEBUG:F ActivityManager:I

ActivityManager:I ina maneno mengi, kubali tu.

Programu ikianza tena. Haijali. Tagi haina habari na namba ya mchakato, kwa hiyo kichujio kinaendelea. Kasoro yake ni kwamba programu nyengine yenye tagi hiyo hiyo nayo itaonekana. Ndiyo maana tagi kama "Main" au "Test" hazifai.

Inamfaa mwenye kompyuta dhaifu, anayejaribu simu kadhaa kwa pamoja, na anayeandika hati za kujaribu programu zinazojiendesha. Kwa -d inatoa kilichopo na kutoka, kwa hiyo inaingia ndani ya hati bila kukwama.

3. Kukamata yote, kisha kuchuja kwa grep

Hapa huchagui mapema. Unachukua logi nzima, unaiweka kwenye faili kwa tee, na kuitazama kwa grep, amri inayotoa mistari yenye maneno unayoyatafuta:

adb logcat -v threadtime | tee logi.txt | grep -E ' [VDIWEF] (Mizani|AndroidRuntime) *:'

Kuandaa. Linux na Mac hazihitaji cha ziada. Windows ina findstr, ambayo inatosha kwa utafutaji mwepesi. Mtego wa Windows uko kwengine: ukiandika adb logcat > logi.txt ndani ya PowerShell ya kawaida inayokuja na Windows, faili linahifadhiwa kwa usimbaji wa herufi wa UTF-16. Likihamishiwa Linux, grep inalipekua na kusema haikuona kitu, ilhali ukilifungua kwa jicho tagi zote zimo. Tumia cmd badala ya PowerShell, na tatizo limekwisha.

Usahihi. Ni kadiri ya utakavyoandika. Grep Mizani kavu inakamata tagi ya Mizani, tagi ya MizaniBle, na mstari wowote ambao ujumbe wake umetaja Mizani. Ndiyo sababu ya ile " *:" ndani ya amri ya juu: katika mpangilio wa threadtime, tagi fupi kuliko herufi nane hujazwa nafasi mpaka zitimie, ndipo nukta mbili ifuate. Mizani ina herufi sita, kwa hiyo nafasi mbili. Anayetafuta "Mizani:" hapati kitu. Risiti ni yale yale. Upelekaji, yenye herufi tisa, inapatikana bila shida, na hapo mtu anashindwa kuelewa kwa nini tagi moja inaonekana na nyengine haionekani.

Ukiunganisha grep mbili mfululizo kwenye logi inayotiririka, ya kwanza iongezee --line-buffered. Bila hiyo inakusanya maandishi mengi kabla ya kuyaachia, na skrini inakaa tupu huku mambo yanatokea.

Inaficha nini. Karibu haifichi, na hilo ndilo linaloifanya njia hii idumu. Kichujio kikiwa kibaya, faili zima bado lipo. Unabadilisha amri na kupekua upya, bila ya kumwambia mtu arudie kupima gunia. Inachoweza kupoteza ni kile ambacho simu yenyewe imeshakitupa: bafa za logi kwenye simu huzunguka, na simu yenye kelele huzifuta haraka. Adb logcat -g inakuonesha ukubwa, adb logcat -G 4M inaongeza. Na ujumbe mmoja unaokaribia kupita baiti 4,000 hukatwa mkia. Ukiandika jibu zima la seva kwa Log.d mara moja, JSON itaishia njiani na utaisingizia seva.

Kuna ndugu wa njia hii anayechuja kwa namba ya mchakato badala ya tagi:

adb logcat --pid=$(adb shell pidof -s tz.mfano.karafuu)

Inaleta kila kinachoandikwa na programu yako, pamoja na tagi za maktaba ulizozitumia. Lakini namba inachukuliwa mara moja tu. Programu ikianguka na kufunguliwa tena, unatazama mchakato uliokufa. Huduma ikiwa na mchakato wake mwenyewe, pidof -s inakupa mmoja na kumwacha mwengine. Pidcat, hati ya Jake Wharton, iliandikwa kutibu hilo: unaipa jina la pakeji na inafuata kila mchakato mpya, na -t inaongeza kuchuja kwa tagi.

Inamfaa anayetafuta hitilafu inayotokea mara chache, na timu ambayo mmoja anakusanya na mwengine anasoma. Faili lenyewe lina logi ya simu nzima, si ya programu yako tu. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp.

4. Kuchuja ndani ya programu

Njia hizi tatu zote zinataka waya, au angalau simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, jambo ambalo Android 11 kuendelea inaliruhusu kwa adb pair. Karani yuko Konde, Pemba, na wewe uko Mwanakwerekwe, Unguja. Simu haiwezi kupandishwa boti kila uzito ukija sifuri. Na ikipandishwa, kufika kwake bafa imeshazunguka, au simu imezimika njiani na logi yote iliyokuwa kwenye kumbukumbu imepotea nayo.

Kuandaa. Hii ndiyo ya kazi zaidi, kwa sababu ni msimbo. Ziko hatua mbili, na ya kwanza inaweza kusimama peke yake: kuifunga tagi ndani ya sharti.

if (Log.isLoggable(TAG, Log.DEBUG)) Log.d(TAG, "uzito=$kg")

Kwa kawaida isLoggable inaanzia I, kwa hiyo mistari ya D inanyamaza. Ukiitaka, unaiwasha kwa tagi moja bila kujenga programu upya:

adb shell setprop log.tag.Mizani DEBUG

Simu ikizimwa na kuwashwa, mpangilio huo unaondoka. Timber, maktaba ya kuandika logi, nayo inakaa hapa: unapanda "mti" (Tree, kiandishi chake cha logi) kwenye toleo la majaribio tu, na toleo la kutolewa linakaa kimya. DebugTree yake inatafuta jina la klasi yenyewe kuwa tagi, hivyo yale tuliyosema kuhusu R8 yanahusika ukiitumia nje ya majaribio.

Hatua ya pili ni programu kuisoma logi yake. Tangu Android 4.1, programu ya kawaida hairuhusiwi kusoma logi za wengine, lakini zake inazisoma. Kitufe cha "Tuma logi" kwenye ukurasa wa msaada kinaweza kuendesha:

logcat -d -v threadtime -s Mizani MizaniBle Upelekaji AndroidRuntime:E

kupitia Runtime.exec, kikahifadhi matokeo kwenye faili, kikalituma mtandao ukirudi. Kwa kuwa kinachoangaliwa ni utambulisho wa programu na si namba ya mchakato, mlolongo wa kosa wa dakika tano zilizopita unaweza kuwemo hata kama programu imeanguka na kufunguliwa tena.

Usahihi ni ule ule wa njia ya pili. Inaficha nini: kila ambacho hakikuandikwa na programu yako. ANR na kuuliwa kwa uhaba wa RAM havionekani, kwa sababu mwandishi wake ni mfumo. Kama unashuku hayo, muelekeze mtumiaji achukue ripoti ya hitilafu kwenye chaguo za msanidi. Zipu yake ina logi za mfumo, na ni kubwa kuituma kwa bando la kubahatisha.

Logi inayosafiri isibebe namba ya simu ya mkulima, namba ya kitambulisho wala tokeni ya kuingilia. Andika namba ya risiti, inatosha kufuatilia.

Inamfaa mwenye watumiaji wa mbali wasiojua adb ni kitu gani. Kwa mradi wa skuli utakaokwisha muhula huu, ni kazi ya bure.

Hali yako na njia yake

Unaandika kipengele kipya na simu iko mezani: Studio, kwa swali la package:mine pamoja na is:crash. Usihangaike na nyengine.

Kompyuta haina nguvu, au umeme umekatika na laptopu inaishi kwa betri: adb logcat -s na orodha ya tagi. Funga Studio kabisa, inakula betri hata ikiwa imekaa tu.

Hitilafu inatokea mara moja kwa siku, na hujui inatoka kwenye Bluetooth au kwenye upelekaji: kamata yote kwa tee, ongeza bafa kwa -G kabla hujaanza, chuja baadaye. Ukichagua tagi kabla hujajua tatizo lilipo, utaishia kusoma logi ya sehemu isiyo na kosa.

Programu inaganda au inatoweka bila FATAL EXCEPTION: acha tagi zako kwanza, tafuta jina la pakeji ndani ya logi nzima, uangalie ActivityManager na DEBUG zinasema nini juu yake.

Unatumia Flutter au React Native: tagi zako huenda hazifiki kabisa. Maandishi ya print kwenye Flutter yanatoka kwa tagi ya flutter, console.log ya React Native kwa ReactNativeJS, na ya ukurasa ulio ndani ya WebView kwa chromium. Chuja hizo kwa njia yoyote kati ya tatu za mwanzo, kisha tenganisha kwa neno unalolitanguliza ndani ya ujumbe, mfano "[Mizani]". Kwenye grep mabano hayo ya mraba yana maana nyengine, kwa hiyo tumia grep -F.

Watumiaji wako Micheweni au Mkoani na wewe huwafikii: njia ya nne, na iwemo kabla ya toleo la kwanza kusambazwa. Msimu wa karafuu ukishaanza, kuwasasishia programu makarani wenye mtandao wa kuokoteza kunachukua muda mrefu kuliko kuandika hicho kitufe.